Ushuru wa Kila Mzunguko: Hesabu ya Kamari kutoka Munguli hadi Singida Mjini

Munguli ni kijiji cha Wilaya ya Mkalama, kaskazini mwa Mkoa wa Singida, upande ambao nchi inaelekea bonde la Ziwa Eyasi. Ni moja ya makazi ya Wahadzabe, watu wa upinde, mizizi na asali, ambao jumla yao katika mikoa ya Singida, Manyara na Arusha ni kama elfu moja na kidogo. Wana mchezo wao unaoitwa lukuchuko. Wanaume huchukua visahani vya gome la mti, huvirusha kwa mkupuo mmoja vikagonga shina, kisha huinama kutazama kipi kimelala upande gani. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwakuta wakiucheza mchezo huu sehemu kubwa ya siku wakati wa kiangazi. Dau lilikuwa mishale yenye vyembe vya chuma na sumu, visu, shanga, nguo, na viko vya mawe. Aliona pia kwamba vitu visivyopatikana kila mahali, kama jiwe la kiko, vilisambaa nchi nzima ya Wahadzabe kwa njia ya mchezo. Aliyeshinda sana hakuachwa aondoke na mali. Alisukumwa acheze tena hadi vitu virudi kuzunguka.

Tuuchukue mchezo huo kwa sura yake nyepesi, tuuhesabu. Tuseme wachezaji ni wawili, kila mmoja ana kisahani chake, na kuna cha tatu ambacho ndicho kipimo. Vyote vinarushwa pamoja. Mshindi ni yule ambaye kisahani chake kimelala sawa na kipimo huku cha mwenzake kikiwa kinyume. Kila kisahani kina pande mbili, hivyo kwa mrusho mmoja wa kwanza ana nafasi ya robo, wa pili robo, na nusu iliyobaki hakuna mshindi, wanaokota na kurusha tena. Wakiwa watatu, mirusho inayompata mshindi mmoja ni 3 kati ya 8. Wakiwa wanne ni robo. Wakiwa watano ni 5 kati ya 32, ndiyo maana mduara ukiwa mkubwa mchezo unakuwa mrefu.

Ila jambo kubwa katika hesabu hii si nani atashinda. Mishale 40 iliyoingia mchezoni asubuhi itakuwa mishale 40 jioni. Imebadilisha mikono, mmoja amenuna na mwingine anacheka, lakini kambi haijapungukiwa hata unyoya mmoja. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu ndipo unapoanzia uchambuzi wote wa kamari ya mjini, na ndilo jambo ambalo vijana wetu wengi hawajawahi kuelezwa. Wanafundishwa kuogopa bahati mbaya. Bahati mbaya peke yake haiwezi kuwafilisi wachezaji wote, maana bahati ina pande mbili sawasawa, kama ile shilingi moja ya mwaka 1966 yenye kichwa cha Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Ukiirusha mara elfu, kichwa na mwenge vitakaribiana. Kinachofilisi ni mtu wa tatu aliyekaa pembeni, hachezi, na kila shilingi inapotua anachukua chake.

Mkulima wa alizeti wa Ikungi au Iramba anamjua mtu wa namna hiyo. Ni ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba asilimia 5 ilikuwa inaumiza. Asilimia 3 ya gunia la shilingi 60,000 ni shilingi 1,800, na mnunuzi hulipa mara moja tu, gunia linapouzwa. Halilipiwi tena kila linapohamishwa kutoka bega moja kwenda jingine.

Sasa tazama asilimia 3 nyingine. Mchezo wa simu ambao vijana wanauita kindege, Aviator kwa jina lake, ulitoka mwaka 2019 na umetengenezwa na kampuni ya Spribe. Ndege inapaa, kizidishio kinapanda, na mchezaji anatakiwa kutoa fedha yake kabla ndege haijatoweka. Watengenezaji wenyewe wanatangaza kwamba unarudisha asilimia 97 ya madau. Kwa maneno mengine mwenye mchezo anabaki na asilimia 3, sawasawa na ushuru wa alizeti. Ukiamua kutoa kila mara ndege inapofika mara mbili, uwezekano wa kufika hapo ni asilimia 48.5 badala ya 50. Tofauti ni asilimia moja na nusu. Hakuna jicho linaloweza kuiona katika jioni moja.

Lakini ushuru huu unakatwa kila mzunguko. Mwenye shilingi 100,000 akiicheza yote, kilichorudi akakicheza tena, na tena, kwa wastani baada ya mizunguko 23 atakuwa amebaki na nusu. Baada ya mizunguko 50 ana kama 21,800. Hajakosa bahati. Amelipia ushuru mara 50 gunia lile lile.

Nichukue mfano ambao ulinishtua mimi mwenyewe nilipoukokotoa. Kijana ana shilingi 10,000 na anataka ziwe 20,000, basi, kisha aache. Ana njia tatu. Ya kwanza, aziweke zote kwa mpigo mmoja, atoe ikifika mara mbili. Nafasi yake ni asilimia 48.5, na gharama ya wastani ya jaribio hilo ni shilingi 300.

Njia ya pili ni ile ambayo kila mtu mwenye busara angeishauri: acheze kidogo kidogo, 500 kwa 500, hadi zifike 20,000 au ziishe. Inaonekana salama zaidi. Nafasi yake ya kufika inashuka hadi asilimia 23. Hasara ya wastani inapanda kutoka 300 hadi karibu 5,370, kwa sababu kabla safari haijaisha atakuwa amezungusha fedha kama mara 358, na kila mzunguko umeacha shilingi 15 mezani.

Njia ya tatu, awe mwangalifu kupita wote: shilingi 100 kwa 100. Nafasi ya kuzifikisha 20,000 ni moja kati ya 405. Narudia, ni moja kati ya 405. Mizunguko inafika 3,300 na ushee, na kwa kasi ya mizunguko miwili kwa dakika hiyo ni zaidi ya saa 27 za kukodolea simu macho. Kati ya 10,000 alizoanza nazo, kwa wastani amebaki na shilingi 49.

Simshauri mtu atupe elfu kumi kwa mkupuo. Nataka kuonyesha mahali gharama ilipo. Mchezo ni ule ule, asilimia ni ile ile, mtaji ni ule ule, lengo ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya mizunguko. Pale Munguli, ambako hakuna wa kukata, njia zote tatu zingempa nafasi sawa, nusu kwa nusu, hata angecheza mwezi mzima. Kwa hiyo mtu anapokwambia mchezo fulani unarudisha asilimia 97, swali la kumuuliza ni moja: kila baada ya sekunde ngapi?

Hapo ndipo dubwi linapoonyesha makali yake, ile mashine ya sarafu inayowaka taa pembeni ya baa na vibanda. Tuseme inakula sarafu ya 200, yenye Karume upande mmoja na simba upande mwingine, na mchezaji anabonyeza mara tano kwa dakika. Kwa saa ni mara 300, yaani shilingi 60,000 zimeingizwa. Mchezaji atakataa kabisa. Atasema aliingia na elfu kumi tu. Anasema kweli, na ndipo mtego ulipo: sarafu zinazodondoka anazirudisha ndani, zinahesabiwa upya, zinakatwa upya. Mashine hutofautiana, lakini tuchukue kipimo kinachojulikana: jimbo la Nevada huko Marekani, lenye mji wa Las Vegas, linataka mashine zipangwe kurudisha angalau asilimia 75. Kwa kiwango hicho cha chini, kila sarafu ya 200 inaacha shilingi 50. Elfu kumi ni mibonyezo 200, na mibonyezo 200 ni dakika 40.

Kuna imani inayozunguka kwenye mashine hizi kwamba zikishakula sana zinakaribia kutapika. Mtu anasimama pembeni anangoja mwenzake amalize fedha ili yeye akalie kiti. Mashine iliyopangwa kubahatisha kwa haki haina kumbukumbu ya nani amepoteza nini. Mbonyezo wa 301 una nafasi ile ile kama wa kwanza. Shilingi ya mwaka 1966 ikilala kichwa mara saba mfululizo haitambui kwamba inadaiwa mwenge.

Imani pacha ya hiyo ni kurudisha hela kwa kuongeza dau mara mbili kila unapokosa. Kwenye gurudumu la ruleti la namba 37, ambako nyekundu ni 18 tu kwa kuwa sifuri si ya mchezaji, anza na 500, ukikosa weka 1,000, kisha 2,000, na kuendelea. Ukipata, umepona na una faida ya 500. Ukikosa mara saba mfululizo umeshatoa 63,500 na dau linalofuata ni 64,000. Je, mara saba mfululizo ni nadra? Hutokea mara moja katika kila majaribio 106 hivi. Majaribio 105 yaliyofaulu yamekupa 52,500; moja lililobaki limechukua 63,500.

Karata ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Waswahili tuna historia nazo. Majina ya kopa, turufu na ree tuliyapokea kutoka kwa Wareno. Mchezo wa pwani wa wahedi wa sitini umebeba hesabu ndani ya jina lake: ree ni pointi 11, saba ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla 30 kwa kila rangi, rangi nne ni 120. Nusu ni 60, hivyo anayeshinda anahitaji moja na sitini. Wazee waliocheza mchezo huo barazani walijumlisha na kukumbuka karata zilizopita kwa kasi ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne angeihusudu, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni takwimu.

Poka ni ya ukoo huo. Ukigawiwa karata tano kutoka karata 52 zilizochangwa vizuri, kuna mikono 2,598,960 inayoweza kukufikia. Zaidi kidogo ya nusu yake haina chochote. Asilimia 42 ina jozi moja. Jozi mbili ni kama asilimia 4.8, karata tatu za aina moja ni 2.1, na nne za aina moja huja mara moja katika mikono 4,165. Ile ya kifalme, kumi hadi ree za rangi moja, ni moja kati ya 649,740. Mtu akicheza mikono 30 kwa saa, saa nne kila siku bila kupumzika hata sikukuu, angeingoja kwa wastani miaka karibu 15.

Ila wanaoijua poka hawakai kuingoja. Kazi yao ni kulinganisha nafasi na bei. Tuseme una kopa nne, unahitaji ya tano. Umeona karata tano, zimebaki 47, na kopa zilizobaki ni 9. Tisa kwa 47 ni asilimia 19. Chungu kina 4,000 na unatakiwa utoe 1,000 ili uone karata inayofuata. Unatoa 1,000 kugombea jumla ya 5,000, kwa hiyo ili usipate hasara unahitaji kupata angalau asilimia 20 ya wakati. Una 19, bei ni ghali kidogo, weka karata chini. Chungu kingekuwa 5,000, ungehitaji asilimia 16.7 tu, na ungetoa. Hesabu hii ndogo, ikirudiwa mara elfu kwa subira, ndiyo inayomtenganisha mchezaji na mbahatishaji. Naiheshimu. Inafanana na ya mfanyabiashara wa vitunguu anayepima kama bei ya Dar es Salaam inatosha kulipa hatari ya mzigo kuoza njiani.

Na bado mwenye meza yupo. Watu watano wakikaa nyumbani, kila mmoja na 20,000, meza ina 100,000 na itabaki na 100,000 hadi alfajiri, kama mishale ya Munguli. Wakihamia kwenye meza inayokata asilimia 5 ya kila chungu, na chungu cha wastani ni 10,000, kila mkono unaacha 500. Mikono 30 kwa saa ni 15,000. Kwa kasi hiyo saa saba hazijafika, fedha yote iliyoletwa na watu watano imeshahamia kwa mtu wa sita. Aliye hodari atawashinda wenzake, lakini ili aondoke na faida lazima awashinde kwa kiasi kinachozidi ule mkato.

Karata tatu za stendini nazitaja kwa sentensi chache tu, maana hazistahili hesabu. Hata kama zingekuwa za haki, kuchagua moja kati ya tatu na kulipwa sawa na dau lako kungekupotezea theluthi moja ya kila ulichoweka. Na si za haki. Karata hubadilishwa mkononi, na wanaoshinda mbele yako ni wapambe.

Mkeka wa kubashiri mechi ndio mchezo ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu unavaa nguo za ujuzi. Kijana wa Singida anaijua ligi. Mkoa una timu yake kwenye Ligi Kuu na uwanja wa Liti, na mwaka 2017 SportPesa ilikuwa mdhamini wa Singida United pamoja na Simba na Yanga, kwa hiyo fedha ya kubeti ameiona ikirudi mpirani kwa macho yake. Anajua nani ameumia, nani anacheza nyumbani. Anaamini ujuzi huo unamlinda.

Tufungue mkeka. Chukua mechi ambayo pande mbili za ubashiri zina nafasi sawa kabisa, nusu kwa nusu. Bei ya haki ingekuwa 2.00 kwa kila upande. Kampuni inaandika, kwa mfano, 1.85 na 1.85. Kwa kila shilingi 1,000 inatarajiwa kurudi 925. Mkato ni 75. Mechi moja, mkato mmoja, si mbaya sana. Sasa mchezaji anaunganisha mechi kumi, kwa sababu mkeka wa mechi moja haumpi ndoto. Bei zinazidishana: 1.85 mara yenyewe mara kumi inakuwa kama 469.6. Elfu moja italipa 469,588. Anachoshindwa kuona ni kwamba mikato nayo inazidishana. Nafasi ya kupatia zote kumi ni moja kati ya 1,024, kwa hiyo bei ya haki ingekuwa 1,024,000. Amelipwa chini ya nusu ya haki yake hata siku aliyopatia. Kwa wastani, kila 1,000 inarudisha 459. Mechi 15, inarudisha 311. Hapo bado kodi ya zawadi, ambayo kiwango chake kimebadilishwa kwenye bajeti za miaka tofauti. Ikiwa ni asilimia 10 kwa mfano, ile 459 inashuka hadi 413 hivi.

Mchezo unaorudisha 41 katika kila mia hauna mfano kwenye meza yoyote niliyoitaja hapo juu. Dubwi la Nevada kwa kiwango cha chini kabisa ni karimu karibu mara mbili.

Kwa nini basi kijana hakati tamaa? Hesabu inajibu hilo pia. Kati ya mikeka 1,024 ya mechi kumi kumi, mmoja unapatia zote. Lakini mikeka 10 inakosa mechi moja tu, na 45 inakosa mbili. Kwa kila ushindi mmoja kuna mara kumi za kusema "timu moja imenichania mkeka" na mara arobaini na tano za kusema zimenichania mbili. Mchezaji anazihesabu hizo kama dalili kwamba ujuzi wake unakaribia. Mtu anayerusha shilingi bila kutazama mpira hata siku moja naye atachaniwa na timu moja mara kumi kwa kila ushindi. Nimewasikia vijana wakisimulia ile dakika ya 90 kwa uchungu wa kweli kabisa, na sikuwahi kuwa na moyo wa kuwakatiza. Ningependa tu waione ile 10 kwa 1.

Tupande sasa kutoka mfuko wa mtu mmoja hadi mkoa. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Singida watu 2,008,058. Sijengi takwimu ya wangapi wanacheza. Nachukua mfano mdogo ili tupate ukubwa wa jambo. Tuseme mtu mmoja katika kila mia, yaani watu 20,080, anaweka shilingi 1,000 kwa siku. Hiyo ni milioni 20 kila siku. Ikiwa wote wanacheza michezo yenye mkato wa asilimia 10, kwa mwaka mkoa unaacha mezani shilingi milioni 733. Wakiwa wote ni watu wa mikeka ya mechi kumi kama ile tuliyoifungua, ni bilioni 3.97.

Tuziandike kwa alizeti. Gunia tukilichukulia kwa 60,000, milioni 733 ni magunia 12,200, na bilioni 3.97 ni magunia 66,000. Fuso moja likibeba magunia 150, ya kwanza ni msafara wa Fuso 81, ya pili ni Fuso zaidi ya 440, zinapita Manyoni kuelekea mashariki kila mwaka. Sehemu ya mzigo huo inarudi: kuna wakala mwenye kibanda, kuna kodi, ambayo tangu mwaka 2017 inakusanywa na TRA, kuna jezi za udhamini. Nyingine hairudi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kutoa leseni na kusimamia, na inakataza aliye chini ya miaka 18 asicheze. Ningetamani bodi hiyo ilazimishe jambo moja zaidi: kila mkeka, kabla ya kibonyezo cha kuthibitisha, uonyeshe kwa herufi kubwa namba mbili tu, nafasi ya kupatia na kiasi kinachotarajiwa kurudi katika kila elfu. Duka linauza unga kwa mzani unaoonekana. Mchezo nao ni bidhaa, na mzani wake uko tayari ndani ya kompyuta ya muuzaji.

Dereva wa bodaboda wa Singida mjini anaamka akidaiwa hesabu, ile fedha ya kila siku ya mwenye pikipiki. Tuseme ni 10,000. Saa kumi jioni ameshaipata, iko kwenye simu, kwenye akaunti ile ile yenye hela ya unga, hela ya petroli na hela ya daftari la mtoto. Kindege kipo kwenye simu hiyo hiyo. Kati ya hesabu ya bosi na mzunguko wa kwanza hakuna ukuta wowote, ni vidole viwili vitatu. Akipoteza elfu mbili zake mwenyewe anarudi nyumbani na usiku mbaya. Akipoteza hesabu, kesho hana pikipiki.

Woodburn aliandika kuhusu hili pia, kule kwa Wahadzabe. Mtu anaweza kuweka dau mishale ya sumu yote, kisu, shanga, kiko na nguo aliyovaa, na anaweza kuvipoteza vyote. Lakini kuna vitu vitatu visivyochezewa: mfuko wa ngozi, mishale ya kawaida isiyo na sumu, na upinde. Jua likizama na mtu amemalizwa kabisa, upinde unabaki naye, na asubuhi anatoka nao kwenda porini.